Kilo 200 za Pamba Kati ya Nguzo na Taa

Kila jioni, ikifika saa moja na nusu, ekstensheni ya barazani kwangu huwa na simu saba au nane zinazoning'inia. Yangu ni moja tu. Nyingine ni za majirani, na nazijua bila kuuliza. Ya mlinzi wa shule ina ufa kiooni, ya kijana wa bodaboda imebandikwa nembo ya Simba, na ya mayu, yaani mama, wa nyumba ya tatu imefungwa kipande cha tyubu ya baiskeli ili betri isidondoke. Simtozi mtu, ila siku nyingine nakuta kibakuli cha karanga mlangoni.

Kitongoji chetu kina umeme. Ndivyo kilivyoandikwa. Nguzo zilifika, transfoma ikatundikwa karibu na shule, watoto wakaikimbilia, mkandarasi akapiga picha zake na kuondoka. Nikisimama barazani nahesabu nyumba 31 hadi nguzo ya mwisho. Zenye mita ni tisa.

Mimi nilikuwa karani wa mizani katika chama cha msingi cha wakulima wa pamba hapa wilayani Igunga kwa miaka 22. Ukikaa na mizani muda wote huo unageuka kuwa mtu wa kupima kila kitu kwa kilo za pamba: sare za shule, bati, mahari, hata jeneza. Naomba leo nipime na umeme, maana naona wapangaji wetu wanaupima kwa kilomita na kwa idadi ya vijiji, na vipimo hivyo viwili vinatudanganya.

Nianze kwa kutoa heshima panapostahili. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, umetokana na sheria ya mwaka 2005 na ukaanza kazi mwaka 2007. Wakati huo, kwa mtu wa huku kwetu, umeme ulikuwa kitu cha Igunga mjini, cha hospitali ya misheni Nkinga na cha viwanda vya kuchambulia pamba. Leo vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimekwishatangazwa kuwa vimefikiwa, na kazi imehamia kwenye vitongoji, ambavyo ni zaidi ya 64,000. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye mitambo tisa na uwezo wa megawati 2,115, limekamilika. Nani angeamini hayo mwaka 2005? Kwa hiyo nisisomwe kama mtu aliyerukwa anayelalamika. Mimi nina mita, nilifungiwa kwa pensheni yangu. Nalalamika kwa niaba ya simu saba.

Tazama bei ya kuunganishwa. Mwaka 2013 ada ya kijijini, kwa nyumba iliyo ndani ya mita 30 isiyohitaji nguzo, ilishushwa hadi shilingi 177,000. Baadaye Serikali ikasema mwananchi wa kijijini alipe 27,000 tu. Karani yeyote akipiga hesabu ataona namba hiyo ilikotoka: 150,000 ukiiongezea kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 unapata 177,000, na kodi yenyewe ndiyo 27,000. Mwananchi kaachiwa kodi, gharama kabebewa. Ni jambo jema mno, na kwa mizani yangu, bei ya pamba ikiwa shilingi 1,060 kwa kilo kama tulivyofungua msimu wa 2023, ni kilo 26 hazifiki. Gunia lisilojaa. Hata mayu angeweza.

Na kweli aliweza. Aliiweka 27,000 kwenye bahasha ya kaki, akaja nayo kwangu kuniuliza inalipwaje. Nikamwambia, mayu, kwanza nyumba isukwe nyaya, fundi mwenye leseni ajaze fomu, ndipo uombe mita. Tukamwita fundi. Akazunguka vyumba viwili na sebule, akatazama paa, akaketi kwenye kigoda akaandika nyuma ya daftari la mjukuu: meni swichi, saketi breka, fimbo ya ethi, roli ya waya, mabomba, swichi tatu, soketi mbili, holda, ufundi. Akajumlisha, akazungushia duara. 212,000.

Mayu hajui kusoma lakini namba anazijua. Aliitazama ile duara kwa muda, akanigeukia akaniuliza: "Mwalimu, hizi ni kilo ngapi?" Huku kwetu karani wa mizani naye huitwa mwalimu. Nikamwambia ni 200. Akacheka kidogo, akarudisha bahasha kwenye khanga.

Kilo 200 ni karibu mavuno yote ya ekari moja kwa mkulima wa kawaida wa huku, kabla hajatoa deni la mbegu na dawa. Kati ya nguzo na taa ya mayu pana ekari nzima ya pamba, na ekari hiyo haimo kwenye bajeti ya mradi wowote niliowahi kuusikia.

Hili si la kitongoji chetu peke yake. Utafiti wa taifa wa upatikanaji wa nishati wa mwaka 2020 ulitoa namba mbili ambazo ningeomba kila mbunge azibandike ofisini. Ya kwanza ni kwamba watu wa vijijini waliofikiwa na umeme walikuwa asilimia 69.8. Ya pili ni kwamba kaya za vijijini zilizounganishwa na umeme wa gridi zilikuwa karibu robo tu. Kufikiwa maana yake unaishi mahali ambapo umeme umefika jirani yako. Mimi na mayu sote tumefikiwa. Yeye amefikiwa kama mtu wa kando ya barabara anavyofikiwa na basi lisilosimama.

Wenzetu wa Kenya walishakutana na ukuta huu. Mradi wao wa kuunganisha kaya zilizo ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma, ulioanza mwaka 2015, ulishusha ada kutoka shilingi 35,000 za Kenya hadi 15,000, na ukaruhusu ilipwe kidogo kidogo. Kabla ya hapo watafiti walikuwa wamepita vijiji vya magharibi ya Kenya wakijaribu bei tofauti kwa kaya tofauti. Walipopunguza bei kwa zaidi ya nusu, chini ya robo ya kaya ndizo zilizoingia. Walipotoa bure, karibu zote ziliingia. Watu walikuwa wanautaka umeme. Kilichokosekana ni fedha mkononi siku ile waliyoulizwa.

Neno "siku ile" ndilo lililonifanya niandike, kwa sababu huku kwetu umaskini una kalenda. Mkandarasi wa kitongoji chetu alileta matangazo ya kujiandikisha mwezi Februari. Mtu yeyote aliyekulia Igunga anajua Februari ni nini. Pamba iko shambani, mpunga wa Mwanzugi bado, ghala limebaki vumbi, na fedha yote imekwenda kwenye palizi na dawa ya wadudu. Baba wa familia anauza mbuzi ili wanawe wale. Ndipo kipaza sauti kinapita kwenye pikipiki kikisema: wananchi, lipieni umeme, mkandarasi yupo. Msimu wa pamba ulipofunguliwa Mei, watu wakashika fedha zao, mkandarasi alikuwa amekwishakabidhi kazi na kuhamia wilaya nyingine. Taarifa ikaandikwa kwamba mwitikio wa wananchi ulikuwa mdogo.

Nimesimamia mizani Mei hadi Agosti kwa miaka 22. Nimeona mtu aliyekopa chumvi Februari akinunua baiskeli mpya Juni. Ni mtu yuleyule. Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza Julai, mwaka wa mkulima unaanza na mvua ya Novemba, na mipango ya umeme wa kaya inafuata ule wa kwanza peke yake.

Lipo na suala la nguzo zenyewe. Awamu ya tatu ya miradi ya REA, mzunguko wa pili, ilimpa mkandarasi wigo wa kilomita moja ya laini ndogo kwa kila kijiji, zikaongezwa mbili. Sasa laini hiyo ianzie wapi? Inaanzia penye shule, zahanati na ofisi ya kijiji, yaani palepale tulipokusanywa na Operesheni Vijiji miaka ya sabini. Lakini watu wa Igunga hawakubaki pale. Walirudi taratibu kwenye mashamba na malisho yao, kaya moja hapa, nyingine mita 200 kule, ng'ombe katikati. Laini inafuata ramani ya mwaka 1974 na watu wanaishi kwenye ya leo. Ukienda pembezoni mwa mbuga ya Wembere, kwenye udongo mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi, utaziona nguzo zimeanza kuinama upande mmoja. Mpango wa umeme wa kaya ungeanza na mkutano wa kitongoji na kipande cha mkaa: chora nyumba zote chini, halafu tuone nguzo ipite wapi ili ifikie nyumba nyingi zaidi ndani ya zile mita 30. Sarveya wetu alikaa kwa saa tatu, akapigilia vigingi na kwenda zake.

Fedha zitoke wapi? Watu wengi hawajui kwamba tayari wanachangia. Kila lita ya petroli na dizeli ina shilingi 100 ya Mfuko wa Nishati Vijijini, na mafuta ya taa yana 150. Anayenunua umeme naye hukatwa asilimia tatu. Simama kituo cha mafuta cha Igunga, barabara kuu ya Singida kwenda Nzega, utazame malori. Lori likijaza lita 400 limeacha shilingi 40,000 kwenye mfuko, ambazo zinazidi ada ya mayu ya kuunganishwa. Mayu mwenyewe, miaka aliyokuwa akiwasha koroboi kwa nusu lita kwa wiki, alikuwa akichangia 3,900 kwa mwaka kwa ajili ya umeme ambao hajauona. Yeye ni mwanahisa.

Babu zetu waliijua tozo ya njiani kabla ya Serikali zote hizi. Misafara ya Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji, iliyopita kusini kwetu, Tura na Kigwa, ililipa hongo kwa kila mtemi. Siku hizo hongo halikuwa neno baya, ilikuwa ada ya kupita. Ililipwa kwa nguo, shanga na masango, yaani waya wa shaba, na mabegani mwa nani? Mwa wapagazi Wanyamwezi. Tumebeba waya kwa mamia ya kilomita tangu karne ya kumi na tisa. Si ombi kubwa leo kuomba mita 40 za waya ziingie ndani ya nyumba.

Wabunge wamekuwa wakisema tozo hizi ziwekewe uzio zisichotwe kwa mengine. Naunga mkono, na naongeza: ndani ya uzio huo uwepo mfuko mdogo wa mkopo wa nyaya za ndani, unaozunguka. Si sadaka. Mkulima anakopa, analipa, mwingine anakopa.

Si wazo jipya. Marekani nayo ilikuwa na REA, iliyoanzishwa na Rais Roosevelt mwaka 1935, wakati shamba moja tu kati ya kumi lilikuwa na umeme. Ile REA haikuishia kwenye nguzo. Ilikopesha vyama vya ushirika vya wakulima ili vijenge laini zao, na sheria ya mwaka 1936 ikaruhusu mikopo ya kusuka nyaya ndani ya nyumba na kununua vifaa vya umeme. Haikupita miaka ishirini, karibu mashamba tisa kati ya kumi yalikuwa yanawaka. Walielewa kwamba nguzo isiyo na mteja ni hasara ya aliyeisimika. Sisi tulichukua herufi tatu, nyaya za ndani tukaziacha kule. Tulikuja na kifaa cha UMETA, Umeme Tayari, kisanduku kinachofungwa ukutani bila kusuka nyumba nzima. Kwa tembe na vyumba viwili kinafaa sana, ila kilipangwa kwa wateja wachache wa mwanzo. Waliobaki wakarudi kwenye ile duara ya fundi.

Sasa mkopo ulipwe vipi? Mtu wa mjini atasema rahisi, ukatwe kwenye mita ya LUKU kila mwezi kama kodi ya jengo. Hapana. Piga hesabu: 212,000 kwa miaka mitano ni zaidi ya 3,500 kila mwezi. Mteja mdogo analipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, na kaya ya taa tatu na redio haifikishi matumizi ya fedha hiyo. Deni litakuwa kubwa kuliko umeme. Ndugu yangu aliyepo Igunga mjini alikaa miezi mitatu bila kununua, alipokwenda na 5,000 mita ilianza kwa kumdai kodi ya jengo ya 1,500 kwa kila mwezi, akabaki na umeme wa shilingi 500. Aliwasha kwa siku chache akarudia tochi. Mkulima atafanya hivyohivyo kila Februari.

Alipe kwa msimu. Kilo 40 za pamba kwa mwaka, miaka mitano, 200 zimetimia. Anayelima mpunga alipe Juni, anayeuza dengu au choroko alipe atakapouza. Vyama vya msingi tayari vinakopesha mbegu na dawa na kurudisha kwa makato mizani inapofunguliwa. Karani, daftari na namba za wakulima vipo.

Najua nitakachojibiwa, na atakayenijibu kwanza ni mkulima mwenyewe. Makato yameumiza watu. Nimewahi kuagizwa nimkate mtu mbegu ambayo haikuota, akanitazama machoni nikaandika. Siku ile sijaisahau. Kwa hiyo mkopo wa nyaya uwe na masharti matatu. La kwanza, makato yasianze hadi taa iwake, na fundi asilipwe yote hadi mita isome. La pili, orodha ya madeni ibandikwe kwenye ubao wa chama, kila mtu na kilo zake, ili karani asiwe na siri na mkulima asiwe na shaka. La tatu, mwaka wa ukame, deni lisogee mbele bila riba. Pamba ya Igunga inategemea mvua, na mvua haijawahi kusaini mkataba.

Hazina nayo itasema fedha hazitoshi. Januari 2025, kwenye mkutano wa marais wa Afrika kuhusu nishati pale Dar es Salaam, Tanzania ilitia saini mpango wa kuunganisha takriban kaya milioni 8.3 ifikapo mwaka 2030. Tazameni neno lililotumika. Si vijiji, ni kaya. Kinyamwezi na Kisukuma vinalo neno hilo, nalo ni nyumbani, penye moto na watu. Ukiahidi kaya umeahidi taa ndani, na huwezi kutimiza kwa kilomita za waya wa nje. Basi hata malipo ya mkandarasi yafuate neno hilo: sehemu ya fedha yake ibaki hadi miezi sita baada ya msimu wa mauzo, ihesabiwe ni mita ngapi zimenunua umeme katika kila kitongoji. Hesabu hiyo haihitaji mshauri kutoka nje. Kompyuta ya LUKU inaijua tayari.

Mayu bado ana bahasha yake. Mwaka huu alipanda ekari mbili, mvua ilikuwa ya wastani, na mjukuu amefaulu kwenda kidato cha kwanza, kwa hiyo sijui kilo zake zitakwenda wapi, ingawa nabashiri. Jana alipokuja kuchukua simu aliniuliza kama ni kweli mkandarasi mwingine anakuja kwa ajili ya vitongoji 15 vya jimbo. Nikamwambia nimesikia. Akauliza anakuja mwezi gani.

Sikuwa na jibu. Waheshimiwa, ninyi mnalo, na linawezekana kuandikwa kwenye mkataba kwa neno moja: Juni. Yakishafanyika hayo sitahitaji taarifa ya utekelezaji. Nitatazama ekstensheni ya barazani saa moja na nusu jioni, nione imebaki na simu ngapi.